Mtungi Una Homa

Aliyeniambia kwamba gesi haina kazi alikuwa anauza gesi. "Mzee, unazungusha, unawasha, unapika, unazima. Kwisha." Hakutaja ni nani anayezungusha, nani anayewasha, na nani anayeamshwa mvua ikinyesha kwa sababu posho imebaki uji na moto hauonekani.

Sigiri yetu, iliyokaa barazani hapa Jinja tangu watoto hawajazaliwa, haijawahi kuniomba spea. Unaitia makaa, unaipepea, inawaka. Ikitoboka chini unaipeleka kwa fundi wa bati, anaigongagonga, mnapatana bei, unarudi nayo nyumbani. Gesi ina mtungi. Mtungi una mdomo, mdomo una regulata, regulata ina mpira, mpira una klipu, na ukifika kwenye jiko lenyewe unakutana na jeti, kofia za moto, viwashio na vijiti ambavyo hata mafundi huviita "hicho kitu". Kila kimoja kina siku yake ya kuumwa, na zahanati yao ni mimi.

Sababu za kuhama makaa zilikuwepo, sikatai. Sisi watu wa Jinja tunalala juu ya umeme. Malkia Elizabeth II alikuja mwenyewe Aprili 1954 kufungua bwawa la Owen Falls, ambalo leo ni Nalubaale. Baadaye likajengwa Kiira kando yake, na mwaka 2012 likafunguliwa Bujagali, megawati 250, mwendo mfupi tu ukifuata mto. Mabwawa matatu, na jirani zangu wote bado wanapepea makaa kwa mfuniko wa ndoo. Si wao peke yao: Uganda nzima, zaidi ya kaya tisa katika kila kumi hupika kwa kuni au makaa. Umeme wa kupikia ni wa mtu asiyetazama mita, na ukikatika maharagwe yakiwa nusu njia, hayakusubiri. Makaa nayo, tangu Rais alipotoa amri Mei 2023 ya kupiga marufuku makaa ya biashara kutoka kaskazini, gunia limejifunza kupanda bei hata siku ambayo hakuna aliyeligusa.

Basi Mama Watoto akatamka: gesi. Tena si kile kijiko cha kukaa juu ya mtungi mdogo, cha wanafunzi na makapera. Alitaka jiko la kusimama, plet nne na oveni, la kufunguliwa mlango wageni wakiwepo. Jipya lina bei ya ng'ombe, kwa hiyo tukapata la mtumba, limeshushwa Kampala kutoka kontena la Uingereza, jeupe, zito, lina hata taa ndani. Niliwasha plet ya kwanza. Moto ukatoka wa njano, mrefu, unacheza, ukapanda ubavuni mwa sufuria hadi kwenye mshikio. Kufika jioni kila chombo chetu kilikuwa kimevaa masizi. Moshi tulioukimbia ulikuwa umetutangulia na kutungoja kwenye bomba.

Fundi alipokuja alicheka kabla ya kufungua mkoba. Kumbe Waingereza hawapiki kwa mtungi. Kwao gesi inakuja kwa bomba chini ya barabara, na ni gesi asilia, methani kwa sehemu kubwa. Yetu ya mtungi ni propani na butani, na ukipima kwa ujazo sawa ina nguvu zaidi ya mara mbili ya ile ya kwao. Sasa ndani ya kila plet kuna jeti, kipande cha shaba kisichozidi ncha ya kidole, chenye tundu katikati. Tundu la gesi ya bomba ni pana. Ukilipitishia gesi ya mtungi, moto unashiba kuliko hewa inayoingia, haumalizi kuchoma, na kisichochomwa ndicho unachokifuta kwenye sufuria. Moto wenye afya ni wa buluu na mfupi. Wa njano unakula pesa yako na kukurudishia masizi.

Wapo mafundi wanaoziba tundu kwa risasi ya kulehemu kisha wakalitoboa upya kwa sindano ya kushonea, wakikadiria kwa jicho. Huyu, Mungu amzidishie, alikuwa na kopo la jeti halisi zenye namba zilizochongwa ubavuni: 70 maana yake tundu la milimita 0.70, na kuendelea. Alizibadilisha zote, ya oveni pia, moto ukatulia, akanitajia ujira wake. Nikakaa chini. Kisha nikamlipa, kwa sababu mtu anayejua namba ya tundu asiloliona hustahili heshima.

Jiko lilipopona tu, Mama Watoto akatamka mara ya pili: jiko hili ni la mama yangu, sisi linatutosha la plet mbili.

Mama Mkwe anakaa Mbale, chini ya mwamba wa Wanale, na macho yake yamekula moshi wa kuni miaka yote hiyo. Ningepinga vipi? Jiko likapanda juu ya taksi, likapita Iganga, likakata Nakalama kushika njia ya Tirinyi, likaingia Mbale limefungwa kamba na vumbi. Nyimbo ziliimbwa. Kuku alichinjwa, akapikwa kwa kuni nje, jiko likimtazama.

Hapo ndipo utumwa wangu ulipoanza, na kuuelewa lazima nieleze jambo la mila. Kwa Wagisu, watu wa Mbale, na kwetu Busoga hatuko mbali nao, mkwe wa kiume hakaribiani na mama mkwe. Hamshikani mikono, hamkai chumba kimoja, mkikutana njiani mmoja anajitosa kwenye migomba. Waganda wa Buganda wameongeza na adhabu: anayemgusa mkwe hupatwa na obuko, mikono ikaanza kutetemeka. Sasa nakuuliza wewe msomaji, fundi wa gesi anayetetemeka mikono ataitwa na nani?

Kwa hiyo jiko lake nalitibu kupitia ukuta. Mimi naingia jikoni, yeye anatoka nyuma ya nyumba, na katikati anakimbia mjukuu wa darasa la pili ambaye ana tabia ya kupunguza maneno.

"Mulembe," nausalimu ukuta. Ukuta unaitikia vizuri, unauliza habari za Jinja, unauliza watoto. Kisha mjukuu anaingia.

"Bibi anasema moto umekataa."

"Muulize umekataa vipi. Hauwaki kabisa, au unawaka halafu unazimika?"

Anatoka, anarudi. "Anasema umekataa."

Mara nyingi aliyekataa ni regulata. Hapa sina budi kumlaani mtu, ila simjui jina. Mdomo wa mtungi una kipimo chake: upo wa milimita 20, upo wa 22, upo wa 27, na ipo mingine ya kufungwa kwa nati. Regulata ya mmoja haishiki kwa mwingine. Inakaa juu, inazunguka, inakudanganya kwamba imeingia. Mtungi tuliotoka nao Jinja ulipokwisha, mwenye duka Mbale akampa shemeji yangu mtungi mzuri uliojaa, wa rangi nyingine na mdomo mwingine. Nikaletewa habari kwamba gesi ya Mbale haielewani na jiko. Tangu hapo natembea na regulata mfukoni, kila saizi, na polisi akinipekua barabarani lazima nieleze mengi.

Na oveni. Swichi ya oveni unaibonyeza, unawasha, halafu unaendelea kuishikilia sekunde kumi hivi kabla ya kuachia. Si ukaidi. Ndani ya moto kimesimama kijiti cha chuma, themokapo, na kikipata joto kinazaa umeme kidogo sana, sehemu ndogo ya volti moja, unaotosha tu kushikilia vali ya gesi isijifunge. Upepo ukizima moto, kijiti kinapoa, umeme unakufa, vali inajifunga, na nyumba haijai gesi. Niliueleza ukuta yote hayo kwa ufasaha. Mjukuu akaenda na hotuba nzima, akarudi na jibu: "Bibi anasema moto gani huo unaoshikwa mkono?" Oveni ikageuzwa kabati la sufuria. Chapati za baridi nazo hulala humo.

Siku nyingine habari ilikuja kwa simu, na sauti ya Mama Watoto ilikuwa ya msiba. "Baba Watoto, mtungi wa mama una homa. Unatoka jasho." Nikauliza wanapika nini. Maharagwe ya mkutano wa kanisa, plet zote nne, tangu asubuhi. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, nayo hugeuka hewa kwa kunyonya joto la chuma kinachoizunguka. Ukiivuta kwa pupa mtungi unapoa hadi unaloa umande nje, na ukizidi unaweza kuganda barafu. Si homa, ni baridi. Ila nilichelewa. Mama Mkwe alikuwa ameshaufunika blanketi, na blanketi likauzuia kupata joto la chumba, moto ukazidi kudhoofika, akaongeza la pili. Nilipofika niliukuta umevikwa hadi shingoni, na maharagwe hayajaiva.

Hayo maharagwe nayo yana kesi yake. Mbale iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na kwenye kimo hicho maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Yanatokota, yanapiga kelele, na hayapiki kwa kasi ya Mombasa. Kwenye kuni hakuna aliyewahi kuona tofauti, kwa maana kuni hazisomwi kwenye mzani. Kwenye gesi kila saa ya maharagwe nasikia sarafu zikidondoka. Malewa, yale machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon yaliyokaushwa kwa moshi, Mama Mkwe hayapiki kabisa kwa gesi. Anasema karanga za kuyaungia hukosa ladha. Mafiga matatu bado yapo nyuma ya nyumba, na hayajawahi kunipigia simu.

Plet ndogo ya kushoto iliponyamaza, niliifungua nikakuta mende amehamia na familia. Nikacheka peke yangu, kumbe ni wadudu wa dunia nzima. Watengenezaji wa majiko ya gesi huko Marekani huonya kuhusu buibui, maana hupenda kutaga ndani ya vibomba vya gesi. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyaita magari yapatayo 65,000 ya Mazda6 huko Amerika ya Kaskazini yarudi gereji, kwa sababu buibui wa njano walikuwa wanatanda utando kwenye bomba la hewa la tangi la mafuta. Injinia wa Kijapani amesoma miaka yote ile, ameshindwa na buibui. Mimi na mende wangu tuna cheo.

Jambo moja tu silifanyii mzaha, nalo ni harufu. Gesi yenyewe haina harufu. Uvundo ule wa yai bovu hutiwa makusudi. Huko New London, Texas, tarehe 18 Machi 1937, gesi isiyonukia ilijaa chini ya shule moja hadi ikalipuka, ikaua watoto na walimu karibu 300, na baada ya hapo ndipo Texas ikatunga sheria gesi itiwe harufu. Basi nilipoingia jikoni Mbale nikanusa, nikauliza ukuta tangu lini. "Bibi anasema tangu panya alipofia ndani." Walikuwa wanamtafuta panya siku kadhaa, wamehamisha kabati, wamempa paka lawama. Panya alikuwepo kweli, ila mzima, na alikuwa ameutafuna mpira.

Fundi wa mtaani aliyeitwa kabla yangu alikuwa ameshapima. Alipima kwa kiberiti. Alipitisha njiti kwenye mpira wote, hakuona kitu, akasema uko sawa, akanywa chai. Kwamba hakulipuka naona ni dua za kanisa la maharagwe. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajikusanya kwenye pembe na chini ya meza, kwa hiyo ukiinusa fungua mlango, usiwashe swichi ya taa wala usiizime, funga mtungi, toka. Kupima kunataka povu la sabuni na kidole: panapovuja panatoa mapovu. Kipande cha sabuni cha shilingi chache kinajua kuliko fundi mwenye stika ya leseni kwenye pikipiki. Mpira nimebadilisha, na mpya umechapwa tarehe ya mwisho wake kwenye ubavu. Nilimwonyesha mjukuu tarehe ile. Akaniuliza kama panya anajua kusoma.

Katikati ya yote haya, Januari, ndugu yangu mdogo anapiga simu kutoka Waltham, Massachusetts, mji wenye Waganda wengi. "Kaka, nyumba imeganda." Huko gesi haiivishi chakula tu, inaivisha na nyumba. Chini ya sakafu wameweka tanuri kubwa la chuma linalopuliza hewa ya moto vyumbani, na ukutani kuna kidude unachokiambia unataka joto gani. Hata kuwaka linawaka kwa protokali. Kwanza feni ndogo inavuta moshi, kisha swichi inahakikisha feni inavuta kweli, kisha kiwashio kinageuka chekundu, kisha vali inafunguka, na hapo kijiti kimoja kinauonja moto. Kisipouonja kwa sekunde chache, gesi inakatwa. Linajaribu tena, na tena, kisha linasusa, linabaki kukonyeza taa nyekundu.

"Inakonyeza mara ngapi?" namuuliza, nimekaa barazani, naona Mto Nile kwa mbali, jasho linanitoka.

"Kaka, wewe unajuaje?"

Nisijue vipi? Kile kijiti ni binamu wa kile cha oveni ya Mama Mkwe, ingawa hakizai umeme wake mwenyewe bali hupitisha mkondo mdogo ndani ya moto. Kikivaa ukungu wa moto hakionji tena. Nikamwambia: zima umeme wa tanuri, funga gesi, fungua skrubu moja, kitoe, kisugue taratibu kwa msasa laini, kirudishe. Na chujio la hewa, alibadilisha lini? Kimya. Kilikuwa kimeota manyoya ya mbwa. Akaona heri amwite fundi. Fundi akaja na buti za theluji, akakitoa kijiti, akakisugua, akakirudisha, akaandika bili ambayo kwetu ingenunua mbuzi wawili na mchungaji wao. Nimemwambia mwakani ampitishie mjukuu wa Mbale kwenye simu, atamwambia tu imekataa.

Ana king'ora pia, cha monoksidi ya kaboni, hewa isiyonukia wala kuonekana inayoua mtu usingizini. Hiyo siyo shida ya Wazungu peke yao. Kule juu Wanale usiku wa mvua ni baridi ya kweli, na watu huingiza sigiri chumbani, wakafunga dirisha, wakalala. Sigiri hainung'uniki, nilisema, wala haitoi harufu ya yai. Mama Mkwe alikuwa na mazoea hayo. Nilituma ujumbe mkali kupitia ukuta, bila heshima ya kutosha, na mjukuu kwa mara ya kwanza akaufikisha wote. Sigiri sasa inalala nje.

Kuhusu uzito wa mitungi nisiseme sana, nitapandisha presha. Shingoni mwa kila mtungi pamechongwa uzito wake ukiwa mtupu; unajumlisha na kilo za gesi ulizolipia, unaweka kwenye mzani. Muuzaji mmoja ambaye simtaji, nikimwomba mzani anatazama angani. Nikifika nyumbani naumwagia mtungi maji ya moto ubavuni na kupapasa: juu pana joto, na pale penye gesi pamebaki baridi. Mara nyingi baridi inaanzia chini kuliko nilivyolipa. Na usafiri wenyewe! Tangu tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zote ni majiji kwa sheria, lakini gesi ya jiji inafika kwa boda boda, mtungi umelazwa chali nyuma ya dereva kama mgonjwa wa dharura, wakati kila maandishi juu yake yanasema usimamishwe.

Juzi jirani yangu, mtu wa kusoma magazeti, alinifariji. Mafuta yetu yaligunduliwa 2006 huko Bunyoro. Mwaka 2025 Serikali ilitia saini na kampuni ya Falme za Kiarabu kujenga kiwanda cha kusafisha mafuta Kabaale, Hoima, mapipa 60,000 kwa siku, na kiwanda cha namna hiyo hutoa gesi ya kupikia pia. Tutapika kwa gesi ya nyumbani, akasema, si hii inayokuja kwa malori kupitia Malaba. Alikuwa na furaha ya dhati, hata akanishika bega.

Nikatoa regulata zangu mfukoni, nikazipanga kwenye benchi kwa ukubwa, nikamuuliza mtungi wa Hoima utakuwa na mdomo wa milimita ngapi.

Anasema ataulizia.